Mugunga: barabara inapofungwa, ziwa ndilo linalobeba mji

Saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijatoka upande wa Gisenyi, njia zinazoshuka kwenda Ziwa Kivu, magharibi mwa mji wa Goma, huwa tayari zimejaa watu. Wamama wanatoka Mugunga, Ndosho na Lac Vert wakiwa na beseni tupu kichwani na pesa kidogo iliyofungwa kwenye pembe ya kitenge. Vijana wanasukuma chukudu. Watoto wamebeba bido za manjano. Wote wanaelekea ukingoni mwa maji, ambako mitumbwi ya wavuvi inarudi na boti za mbao kutoka Minova, Kalehe na kisiwa cha Idjwi zinangojewa.

Bandari ya Kituku, kilomita chache kutoka Mugunga, si bandari ya kreni na makontena. Ni bandari ya mabega. Boti ikikaribia, wachukuzi wanaingia majini hadi kiunoni kuipokea, na kila mmoja anatafuta mfuko wa kubeba. Maharagi, mihogo, ndizi, mananasi, mbao, makala, kuku waliofungwa miguu: vyote vinashuka hivyo, mzigo kwa mzigo, vinapanda mtelemko, kisha vinapakiwa kwenye chukudu au pikipiki. Kufikia mchana, vitu hivyo vimeshafika kwenye meza za soko na kwenye sufuria za mji mzima.

Kwa anayepita haraka, hiyo ni picha ya kawaida ya soko la ziwani. Lakini kwa wakaaji wa Mugunga, fujo hiyo ya asubuhi ni kipimo cha hali ya nchi. Barabara ya Sake ikiwa wazi, bandari ndogo zinapumua. Barabara ikifungwa, uzito wote unahamia kwenye mbao za boti, na hapo ndipo ziwa linapoanza kuua.

Kata iliyojengwa juu ya mawe

Mugunga, katika tarafa ya Karisimbi, ni mlango wa magharibi wa Goma. Barabara ya taifa namba 2 inapita katikati yake ikielekea Sake. Kutoka Sake, njia moja inapanda Masisi na nyingine inafuata ziwa hadi Minova, Kalehe na Bukavu. Kusini mwa barabara hiyo, ardhi inashuka hadi majini: Lac Vert, ziwa dogo la maji ya kijani lililokaa ndani ya shimo la volkano ya zamani, kisha Bulengo, kisha rasi ya Nzulo, na mbele zaidi ghuba ya Kabuno.

Udongo wa kulima ni haba hapa. Sehemu kubwa ya ardhi ni mawe meusi yaliyotoka kwenye milima ya moto. Kati ya mwaka 1938 na 1940, moto wa Nyamulagira ulitiririka hadi ukaingia ziwani upande wa Sake. Nyiragongo nao ulishuka ndani ya mji wa Goma tarehe 17 Januari 2002, na ukalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Siku chache baada ya mlipuko huo wa 2021, viongozi walipoamuru kata kadhaa zihamwe, maelfu ya watu walipita Mugunga kwa miguu wakielekea Sake, huku wengine wakipanda boti.

Mawe hayo yanaeleza kwa nini mji unategemea sana wengine kwa chakula. Maharagi, viazi, maziwa na jibini la Goma vinatoka kwenye milima ya Masisi. Mihogo, ndizi na mafuta ya mawese vinatoka upande wa Kalehe na Kivu Kusini. Mananasi ya Idjwi hayana njia nyingine ya kufika isipokuwa maji. Kwa hiyo mji huu una koo mbili: barabara ya Sake na Ziwa Kivu. Na tangu miaka thelathini sasa, koo ya kwanza imebanwa mara nyingi.

Samaki aliyeletwa kutoka Tanganyika

Usiku, ziwa lina kazi nyingine. Anayesimama Bulengo au Nzulo giza likiingia anaona taa zikitawanyika juu ya maji kama mji mwingine. Ni wavuvi wa sambaza. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu mpana unateremshwa kati yake, na taa zinawashwa juu. Mwanga unavuta wadudu wadogo wa majini, wadudu wanavuta sambaza, na samaki wakishajaa wavu unapandishwa kwa mikono. Wavuvi huimba wakipiga kasia, ili mikono iende pamoja.

Ndiyo maana kalenda ya wavuvi inafuata mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, maji yote yana mwanga, taa hazivuti tena, na mavuno yanapungua. Siku hizo bei ya sambaza inapanda sokoni, na mama muuzaji anajua sababu bila kuuliza.

Vijana wengi hudhani sambaza ni samaki wa asili wa Kivu. Sivyo. Ziwa hili lilikuwa na aina chache za samaki, na sehemu yake kubwa ya wazi ilikuwa karibu tupu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, samaki hao wadogo waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika wakaachiliwa humu. Walizaana na kuenea ziwa zima. Uvuvi wa taa na mitumbwi mitatu ulishika nguvu kuanzia miaka ya 1980, na leo sambaza ni nyama ya mtu asiye na pesa ya nyama. Anauzwa kwa kopo. Anakaangwa mbichi au anaanikwa juani, na kopo moja linaweza kuonjesha nyumba nzima samaki pamoja na bugali.

Kazi hiyo inalisha watu wengi kuliko wale wanaoonekana mtumbwini. Kuna mwenye mtumbwi, kuna mwenye wavu, kuna anayeshona wavu ukipasuka, kuna anayechaji betri za taa, kuna mama anayenunua kwa jumla ukingoni na mwingine anayenunua kwake ili auze rejareja Ndosho au Katindo. Usiku mmoja wa hofu ziwani, iwe ni dhoruba au milio ya risasi, unahesabiwa asubuhi kwenye mifuko ya watu hao wote.

Februari 2024: barabara inakatwa

Mwanzoni mwa mwaka 2024 vita kati ya jeshi la Kongo na waasi wa M23 vilifika kwenye milima inayozunguka Sake. Kuanzia Februari, magari ya mizigo hayakuweza tena kupita kama kawaida kati ya Goma na Minova. Wakati huohuo, laki za watu waliokimbia Masisi walishuka upande wa Goma. Kambi zilijaa Mugunga, Lac Vert, Bulengo na Lushagala, mahema yakibanana juu ya mawe hadi karibu na maji. Tarehe 3 Mei 2024, makombora yalianguka kwenye makazi ya wakimbizi hao huko Lac Vert na Mugunga, na watu zaidi ya kumi wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa wanawake na watoto.

Ni wakati huo ambapo ziwa lilibebeshwa kazi ya barabara. Muuzaji aliyezoea kupanda lori hadi Minova sasa alipanda boti. Mfuko wa maharagi uliokuwa ukipita Sake sasa ulipita majini. Mwanafunzi, mgonjwa, askari, mama aliyekwenda kuzika: wote njia ilikuwa moja. Boti hazikuongezeka kwa kasi ile ambayo abiria waliongezeka.

Tarehe 3 Oktoba 2024, siku ya Alhamisi, boti MV Merdi ilitoka Minova ikielekea Goma. Ilizama mita mia chache tu kutoka bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiingojea. Liwali wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema siku hiyo kwamba ilikuwa na abiria 278 na kwamba watu wasiopungua 78 walikufa. Siku zilizofuata, hesabu za waliokufa na waliopotea zilitofautiana kutoka kwa kiongozi mmoja hadi mwingine, na familia zilikaa ukingoni zikingoja miili.

Haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 15 Aprili 2019, boti nyingine ilizama upande wa Kalehe, na watu wapatao 150 wakatajwa kuwa hawajulikani walipo. Rais Félix Tshisekedi alifika huko siku chache baadaye, akaamuru kwamba kila abiria wa ziwa avae jile, yaani vazi la kuelea majini. Miaka mitano baadaye, Merdi ilizama ikionekana kwa macho kutoka nchi kavu, na wengi walikufa maji kwa sababu hawakuwa na cha kuwashikilia juu.

Hatari iko mwishoni mwa safari

Mtu asiyejua maji hufikiri kwamba boti huzama katikati ya ziwa, penye mawimbi. Mara nyingi si hivyo. Boti ya mbao iliyojazwa hupangwa mizigo chini na watu juu ya mizigo. Kadiri watu wanavyokaa juu zaidi, ndivyo boti inavyopoteza uthabiti, hata maji yakiwa yametulia. Inapokaribia bandari, abiria wanasimama wote, wanahamia upande wa kushukia, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza kuvuta mzigo wake. Uzito unaangukia upande mmoja, boti inalala, maji yanaingia, na mizigo inateleza kufuata watu. Ni jambo la dakika chache.

Jirani zetu wa Tanzania wanalijua hilo. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikiwa karibu kabisa na gati ya kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228.

Kwa hiyo dawa ya kwanza si meli mpya ya mamilioni ya dola. Ni hesabu. Boti inayoondoka na orodha ya kweli ya majina haiwezi kuficha watu 100 wa ziada, na ikipata ajali, familia hazitangoja siku nyingi kujua nani alikuwemo. Ya pili ni mstari: alama iliyopakwa ubavuni mwa boti kuonyesha kiasi cha mzigo. Alama ikizama chini ya maji, safari haianzi. Ya tatu ni jile moja kwa kila mtu, lililovaliwa, si lililofungiwa ndani ya sanduku. Ya nne ni abiria kubaki wamekaa mpaka kamba ifungwe. Viongozi wamerudia mara nyingi pia kukataza safari za usiku, na watu wa Kituku wanazijua kanuni hizi zote kwa moyo.

Shida ni nani anazilipia. Mwenye boti anahesabu mafuta na kodi anazolipa kila bandari kwa huduma mbalimbali za serikali, na anaona faida yake iko kwenye abiria wa mwisho anayeongezwa. Abiria huyo naye anajua boti imejaa. Anapanda hata hivyo, kwa sababu nyanya zake zitaoza kesho, au kwa sababu mtoto anangoja dawa, au kwa sababu barabara ina bunduki. Ajenti wa bandari anayepaswa kuizuia boti anasimama kati ya hao wawili, na mara nyingine mshahara wake haujafika. Kila mmoja wao ana sababu yake, na boti inaondoka imejaa.

Maji ya kunywa, hewa ya kuogopa

Ziwa haliishii kwenye usafiri. Kwa familia nyingi za Mugunga na Lac Vert, ndilo bomba la maji. Mvua inaponyesha juu ya mawe ya volkano, maji yanapotelea chini haraka. Mji wa Goma hauna mito inayoupitia, na kuchimba kisima au choo kwenye mwamba ni kazi ngumu na ya gharama. Pale ambapo mabomba ya Regideso hayafiki au yamekauka, bido za lita 20 zinashuka ziwani. Pembeni ya anayechota kuna anayefua nguo juu ya mawe, kuna anayeosha pikipiki, na kuna watoto wanaoogelea.

Ndiyo sababu kolera haijawahi kuwa mbali na kingo hizi. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma kwa laki nyingi na wengi wao wakawekwa Mugunga, kolera na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu ndani ya wiki chache. Ugonjwa huo umerudi mara kadhaa, kila vita ilipojaza kambi. Wakati wa mlipuko, mawakala hukaa ukingoni na chupa ya klorini na kutia dozi katika kila bido inayotoka majini. Ni kazi ndogo kwa macho, lakini mama anayekubali kusimama sekunde chache mbele ya wakala huyo anaokoa nyumba yake.

Kuna pia adui asiyeonekana, ambaye watu wa Mugunga na Bulengo wanamwita mazuku. Ni gesi ya kaboni inayopanda kutoka ardhini na kukaa kwenye mabonde na mashimo, kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Haina rangi wala harufu ya kuamsha mtu. Inakuwa mbaya zaidi usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita bila kuhisi, huku mtoto, mbuzi au mtu aliyelala chini akikosa pumzi. Wenyeji wanajifunza kusoma dalili: mijusi na ndege waliokufa shimoni, moto unaozimika wenyewe. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kimeweka vibao vya tahadhari sehemu zinazojulikana. Lakini mkimbizi aliyefika jana usiku hajui shimo lipi ni la kulala na lipi ni la kukimbia. Anategemea jirani amwambie.

Januari 2025 na baada yake

Minova ilipoanguka mikononi mwa M23 Januari 2025, watu walikimbilia tena majini. Boti zilifika Nzulo na Kituku zikiwa na magodoro, masufuria, mbuzi na watoto. Siku chache baadaye, Sake ikaanguka, kisha Goma yenyewe mwishoni mwa mwezi. Uwanja wa ndege ukafungwa na mabenki yakafunga milango. Kwa siku kadhaa, safari za ziwa kati ya Goma na Bukavu nazo zilisimama. Mji ulionja maana ya kufungwa koo zote mbili kwa wakati mmoja. Mwezi Februari, wakimbizi wa Mugunga, Bulengo na Lushagala waliamriwa kuondoka kambini ndani ya masaa 72, na mahema yaliyofunika mawe kwa mwaka mzima yakabomolewa. Wengine walichukua njia ya Sake kwa miguu wakirudi kwenye mashamba yao. Wengine walibaki mjini kwa ndugu.

Boti ziliporudi kazini, hazikungoja sherehe. Muuzaji wa makala alirudi, mchukuzi alirudi, mama wa sambaza alirudi. Benki zikiwa zimefungwa na pesa taslimu ikiwa haba, biashara ya ukingoni ilishikiliwa na kitu ambacho watu hawa wamekuwa nacho siku zote: mkopo wa kuaminiana. Mvuvi anatoa sambaza asubuhi, mama analipa jioni baada ya kuuza. Mchukuzi anabeba leo na kuandikwa kwenye daftari. Hakuna karatasi ya mahakama kati yao. Mtu anayekosa kulipa anajulikana ukingo mzima kabla ya saa sita mchana.

Hiyo ndiyo hali ya bandari za Mugunga na Kituku. Watu wake wanajua kufanya kazi, wanajua maji, wanajua kanuni za usalama na wanajua hata hewa ya ardhi yao. Wanachokosa ni kitu ambacho hakiwezi kubebwa begani: barabara iliyo salama, ili boti ibebe mzigo wa boti tu, na mtu wa bandari mwenye mamlaka ya kusema boti hii imejaa, na boti ikasimama kweli. Mpaka hapo, kila mzigo utakaoshindwa kupita Sake utashuka kwenye mawe meusi ya Kituku, na wachukuzi wataingia majini kuupokea.